Mgeni rasmi anakuja, wimbo ni ule ule

SWALI

Ndugu washauri,

Nawasalimu kutoka Arua, Uganda. Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari, na mimi ndiye mlezi wa klabu ya muziki. Baada ya wiki tano tuna siku ya wazazi na mgeni rasmi ni mwanasiasa. Kama kila mwaka, nimeagizwa niandae wimbo wa kumpokea. Wimbo wenyewe upo tangu zamani: sauti ile ile, maneno yale yale ya "umeleta barabara, umeleta umeme", kinachobadilika ni jina tu. Wanakwaya hutolewa madarasani vipindi viwili vya mchana kila siku kwa wiki tatu. Wanafunzi wameniomba safari hii watunge wimbo wao, wenye adungu, kinubi cha kwetu, na midundo ya vijana, waimbe wanayoyaona shuleni. Mzee, yaani mkuu wa shule, amesema muziki wa redio ni uhuni na hautapanda jukwaani kwake.

La pili, S1 yangu, yaani kidato cha kwanza, ina wanafunzi 94 na wengi hawana kitabu. Mwalimu wa taaluma hukagua madaftari kila mwisho wa mwezi na kuhesabu kurasa zilizojaa. Basi kipindi chote naandika ubaoni, wao wananakili. Mtaala mpya unataka kitu kingine, sote tunajua. Nilipojaribu kazi ya vikundi niliitwa ofisini kwa sababu ya kelele.

La tatu, viranja huchaguliwa kwa mlolongo. Wagombea husimama uwanjani, wanafunzi wanajipanga nyuma yao, walimu wakitazama. Muhula uliopita mtoto mmoja alihamishwa bweni baada ya kujipanga nyuma ya mgombea ambaye mlezi wa bweni hakumtaka.

Na lipo dogo linaloniuma: anayekutwa akiongea lugha isiyo Kiingereza huvishwa kibao shingoni. Wiki iliyopita alikivaa msichana aliyekuwa akifanya mazoezi ya mazungumzo ya Kiswahili niliyompa mimi mwenyewe.

Nilisimama katika kikao cha walimu nikasema wazi kwamba haya yote ni mambo ya kizamani. Tangu siku hiyo walimu wakongwe wananijibu salamu kwa shida. Nianzie wapi bila kupoteza kazi na bila kuwaangusha watoto?

Mwalimu wa Kiswahili, Arua

JIBU

Mwalimu,

Pole kwa kikao hicho. Malalamiko yako ni ya haki yote, ila neno "kizamani" ndilo lililokuponza. Mwalimu aliyefundisha miaka 25 kwa njia fulani akisikia njia hiyo ikiitwa ya kizamani, anasikia kwamba miaka yake 25 ilikuwa bure. Akishasikia hivyo, hoja nyingine haimwingii. Tena neno lenyewe si sahihi. Adungu ni ya zamani kuliko shule yenu, na wanafunzi wako ndio wanaoitaka. Kukariri methali, beti na viambishi vya ngeli ni kwa zamani pia, na bado humsaidia mwanafunzi kusema Kiswahili kwa ufasaha. Umri wa jambo usikushughulishe. Uliza hivi: mazoea haya yanafanya kazi gani hapa shuleni, na je, kazi hiyo bado inafanyika?

Kila mazoea uliyoyataja yana kazi. Wimbo wa sifa unamlainisha mgeni ili atoe ahadi. Kurasa zilizojaa zinamtuliza mzazi na mkaguzi. Mlolongo unamaliza uchaguzi kwa saa moja bila kutumia karatasi. Ukiyaondoa mazoea bila kuleta kitu cha kufanya kazi hiyo, yatarudi muhula ujao na wewe utakuwa umechoka. Kwa hiyo katika kila jambo tutakuonyesha cha kuweka mahali pake. Tutaanza na wimbo kwa sababu una tarehe.

Kwanza piga hesabu ya gharama. Vipindi viwili vya dakika 40 kwa siku 15 ni dakika 1,200, yaani saa 20 za masomo kwa kila mwanakwaya. Mazoezi ya dakika 45 baada ya saa kumi na nusu jioni, mara tatu kwa wiki kwa wiki nne, ni mazoezi 12, jumla saa 9, na hayagusi kipindi hata kimoja. Kwaya ya watu 40 inayojifunza wimbo mmoja wa dakika nne haihitaji zaidi ya hapo. Wiki ya tano iwe ya kupumzisha sauti na kujaribu jukwaa. Hesabu hii peke yake inaweza kumpendeza mkuu wa shule, maana yeye ndiye anayeulizwa matokeo ya UNEB, baraza la mitihani la taifa.

Sasa maneno. Shukrani iwe ya jambo lililotendeka kweli na linaloweza kuhesabika. Nenda kwa mhasibu wa shule, fungua faili la misaada, uone nani alileta nini na mwaka gani. Kama ni tangi la maji, imbeni tangi. Kama barabara haijajengwa, msiiimbe, kwa sababu wazazi waliopita kwenye mashimo asubuhi hiyo wameketi mbele yenu na watoto wenu wanajifunza kusema uongo kwa sauti nne. Baada ya shukrani lije ombi moja tu, nalo liwe na namba. Tuseme S1 yako ya wanafunzi 94 ina madawati 20 ya kukaa watatu. Waliokaa ni 60, waliosimama au kubanana ni 34, na madawati yanayokosekana ni 12. Ubeti wake unaweza kuwa hivi:

Tangi limefika kwetu, maji sasa yapo shule,
Hatubebi ndoo zetu, kushuka mtoni kule,
Ila lipo jambo letu, tulisemalo kwa pole:
Thelathini na wanne, wasoma wamesimama.

Hakuna jina la mtu hapo, na tunakuomba usiliingize. Wimbo wenye jina unakufa uchaguzi unapobadilisha mtu. Usio na jina utaimbwa mwakani mbele ya yeyote, wa chama chochote. Vilevile unamlinda mzee wako. Shule ya serikali ni ofisi ya umma. Kifungu cha 80(4) cha Katiba humtaka mtumishi wa umma anayewania ubunge ajiuzulu siku 90 kabla ya siku ya uteuzi, kwa sababu kazi ya umma na jukwaa la siasa havichanganywi. Kwaya ya shule ikimwimbia mwanasiasa kwa jina na rangi za chama, aliye upande wa pili ana haki ya kuuliza nani aliwatuma watoto hao. Mkuu wa shule anajua uzito wa swali hilo kuliko wewe, hivyo litaje mara moja tu na kwa upole.

Ombi lisiachwe kwenye wimbo tu. Ahadi ya kwenye maikrofoni hupotea na vumbi la gari. Mwenyekiti wa wazazi awe na barua ya ukurasa mmoja yenye ombi lile lile, idadi ile ile na nafasi ya kuandika tarehe. Amkabidhi mgeni mara tu kwaya inapomaliza, kabla hajasimama kuhutubia, naye mgeni aandike alichokubali kwenye kitabu cha wageni. Hapo kazi ya ule wimbo wa zamani, yaani kupata msaada, inafanyika vizuri zaidi kuliko awali, na mzee hana sababu ya kuulilia.

Kuhusu muziki wa vijana, usibishane naye iwapo redio ina wahuni au haina. Mkumbushe mambo mawili anayoyajua. Kadongo kamu, muziki wa gitaa dogo moja na kisa kirefu, imekuwa ikitoa mawaidha kwa miongo mingi, na mtu mzima hukubali kukosolewa ndani ya kisa kuliko angekubali ndani ya hotuba. Na mwaka 1989 Philly Bongoley Lutaaya, mwanamuziki aliyekuwa akiishi Sweden, alirudi nyumbani akatangaza hadharani kwamba ana UKIMWI, akazunguka shuleni na makanisani akiimba na kueleza hadi alipofariki Desemba mwaka huo. Jambo ambalo hotuba hazikuweza kulisema, mwanamuziki wa redio alilisema. Hata wazee wa rika la mkuu wako wanalikumbuka.

Upande wa pili upo pia, na vijana wako waujue. Mwaka 2015, kabla ya uchaguzi mkuu wa 2016, baadhi ya wasanii wakubwa walijikusanya wakarekodi wimbo wa kumuunga mkono rais, na mashabiki wengi waliwageuka. Kumbe wimbo wa sifa za jina tupu si tatizo la shule yenu peke yake, na msikilizaji wa Uganda anatofautisha shukrani na kununuliwa.

Katika utekelezaji, chukueni mwendo wa ngoma za vijana lakini msichukue biti ya msanii. Kuipakua, kuiwekea maneno yenu na kuipandisha mtandaoni kunaweza kuwagonganisha na Sheria ya Hakimiliki ya 2006. Tena biti iliyo kwenye flashi inakufa umeme ukikatika katikati ya ubeti, lakini adungu haikatiki. Adungu tatu zinatosha: ndogo ibebe sauti ya wimbo, ya kati ijibu, kubwa ishike besi. Zifungeni nyuzi asubuhi ya siku yenyewe, kisha tena nusu saa kabla ya kupanda, kwa sababu jua la mchana hulegeza nyuzi na kukausha ngozi. Maikrofoni moja apewe mwimbaji wa kisa. Kwaya isimame isizidi mita kumi kutoka kwa wasikilizaji na isiwe nyuma ya pazia la hema, maana turubai humeza sauti. Kiitikio kiwe cha maneno yasiyozidi manane ili wazazi wakishike mara ya pili na kukiimba mara ya tatu. Wazazi wakishaimba, hakuna atakayeuita uhuni.

Wiki moja kabla, msomee mkuu wa shule na mwenyekiti wa wazazi maneno yote bila muziki. Wakitaka mstari ubadilishwe, badilisha kama namba inabaki. Wakiifuta namba, tetea namba.

Tuje darasani. Hapa huhitaji ruhusa ya mtu kuanza, ila unahitaji ushahidi. Mtaala mpya ulianza na S1 mwaka 2020, na watahiniwa wake wa kwanza walifanya UCE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, mwaka 2024. Asilimia 20 ya alama zinatokana na kazi zinazofanyika shuleni na 80 ni za mtihani wa mwisho. Maswali ya mtihani wenyewe humpa mwanafunzi hali fulani ya maisha na kumwagiza afanye jambo. Aliyejaza madaftari manne bila kuwahi kutumia alichoandika hana pa kushika.

Kunakili kunakula muda kiasi gani? Pima mwenyewe. Chukua wanafunzi watatu, mmoja mwepesi, mmoja wa kati, mmoja mzito, uwape maneno 100 ya ubaoni na saa. Tuseme wa kati anaandika maneno 15 kwa dakika. Maelezo ya maneno 400, yaani kurasa mbili, yatamchukua karibu dakika 27 za kipindi cha 40. Mzito hatamaliza kabisa. Atabeba daftari lenye nusu za sentensi, na nusu hizo ndizo atakazosoma usiku wa kuamkia mtihani.

Lakini usifute maelezo. Bila vitabu, ukurasa huo ndio kitabu chao, na wakiukosa wataumia wao. Uhamishe tu. Andika maelezo safi ya mada kwenye karatasi ya manila, kwa herufi za urefu wa sentimita tatu, uyabandike ukutani Jumatatu, wayanakili wakati wa masomo ya jioni. Wanaorudi nyumbani wapewe mapumziko mawili ya mchana. Mwalimu wa taaluma atakuta kurasa zimejaa vilevile. Karatasi moja ya manila ina nafasi pande mbili, na ukiitunza utaitumia mwakani.

Kipindi kikishakuwa wazi, tuchukue mada ya mazungumzo sokoni. Dakika tano za mwanzo: swali moja ubaoni, kila mtu aandike mistari mitatu peke yake, bila kuongea. Usiiruke hatua hii. Vikundi vinavyoanza bila mtu kufikiri peke yake ndivyo vinavyopiga kelele, kwa sababu hakuna mwenye cha kuleta. Kisha dawati la mbele ligeukie la nyuma. Hakuna kuhamisha samani, na hapo umepata vikundi vya watu sita hadi wanane. Kila kikundi kiwe na msomaji, mwandishi, mtunza saa na msemaji, na kazi hizo zizunguke kila kipindi, la sivyo yule mwerevu atafanya zote hadi Desemba. Wape dakika 15. Uwasilishaji ni wa vikundi vitatu tu, vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu ya vikaratasi, kwa dakika kumi. Ukijaribu kusikiliza vikundi vyote kengele italia katika cha tano. Dakika sita zinazofuata, kila mmoja anaandika sentensi tano za muhtasari kwenye daftari lake. Zilizobaki ni zako: sahihisha makosa mawili yaliyojirudia, basi.

Kwa eneo lako kuna hazina ambayo vitabu vya Nairobi na Dar es Salaam havina. Waagize waandike sentensi kumi za Kiswahili walizozisikia sokoni Arua au kituo cha boda. Ubaoni chora safu mbili, kinachosemwa na kilicho sanifu. Watakuja na "vitabu hii" na "mutu mubaya". Wenyewe watavuka hadi "vitabu hivi" na "mtu mbaya", na upatanisho wa ngeli utakuwa umewaingia bila jedwali la kurasa tatu. Tafadhali usiiite safu ya kwanza Kiswahili kibovu. Ni lugha ya mama zao wanapouza mihogo. Uganda imekidharau Kiswahili kwa muda mrefu kwa sababu kilihusishwa na askari na mabunduki. Mtoto akiambiwa hata kile cha nyumbani ni takataka, ataacha vyote viwili.

Kuhusu kusahihisha, madaftari 94 kwa mara moja yatakuvunja. Sahihisha 19 kila kipindi, na baada ya vipindi vitano darasa zima limepita. Weka rekodi ya kila mwanafunzi siku ile ile, kwa sababu alama za shuleni zinazotungwa mwisho wa mwaka kwa kukumbuka sura ndizo zinazoleta ugomvi na wazazi.

Kelele zitakuwepo. Mwalike mwalimu wa taaluma akae nyuma ya darasa kwa dakika 40, umpe karatasi ahesabu ni wanafunzi wangapi wamesema sentensi ya Kiswahili kwa kinywa chao. Kisha aketi katika kipindi cha kunakili ahesabu tena. Jiandae pia kwa upinzani usioutarajia: wanafunzi wenyewe watakwambia, "Mwalimu, tupe maelezo tuandike." Kunakili hakuchoshi akili, na wamezoea. Waonyeshe swali moja la aina mpya, wajaribu kulijibu kwa kunukuu madaftari yao ya zamani. Watanyamaza.

Halafu fanya jaribio la haki. Mada moja kwa njia ya zamani, nyingine yenye ugumu ule ule kwa njia hii, darasa hilo hilo. Wiki mbili baada ya kila mada toa swali la alama 10 bila kuwaonya. Ukikuta matokeo yanalingana, sema yanalingana, usiyapambe. Walimu wakongwe wanaheshimu namba inayokwenda kinyume na mwenye kuileta.

Kibao cha shingoni tukipitie haraka kwa sababu hakina mjadala mrefu. Katiba, tangu marekebisho ya 2005, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha hilo litekelezwe. Na katika mtaala wa 2020 Kiswahili ni somo la lazima S1 na S2. Shule haiwezi kumwadhibu mtoto kwa kufanya mazoezi ya somo ambalo yenyewe inamtahini. Usianze na kufuta kibao chote, hiyo ni vita ya mwaka mzima. Omba jambo moja: siku mbili kwa wiki, Jumanne na Alhamisi, ziwe za Kiswahili viwanjani. Kibao kikishalala siku mbili bila Kiingereza kuanguka, hoja yake imepungua nguvu. Na kama anayekutwa nacho anachapwa, hilo ni jingine kabisa: Sheria ya Watoto, kwa marekebisho ya 2016, inakataza adhabu ya viboko shuleni. Hapo hakuna cha kusubiri. Mwambie mkuu wa shule siku hiyo hiyo, faraghani.

Uchaguzi wa viranja ni mgumu kuliko yote kwa sababu unagusa mamlaka ya walimu wa mabweni. Wenzako watakujibu kwamba hata nchi hufanya hivyo, na ni kweli: Julai 2018 wenyeviti wa LC1, yaani mabaraza ya vijiji, walichaguliwa kwa kujipanga nyuma ya wagombea. Lakini kwa rais na wabunge Katiba inataka kura ya siri, na sababu yake ndiyo hiyo iliyompata mtoto wako wa bwenini. Mtu mzima akijipanga nyuma ya asiyependwa anarudi nyumbani kwake. Mwanafunzi anarudi kulala chini ya funguo za yule yule aliyekuwa akitazama mstari. Na yule mtoto aliyehamishwa, tafuta njia ya kumrudisha sasa, kabla ya uchaguzi wowote mpya, kwa kuzungumza na mkuu wa shule kuhusu nafasi za mabweni bila kumtaja mlezi.

Hoja ya gharama haina uzito. Kwa wanafunzi 600, karatasi ya A4 ikikatwa mara nne na nafasi zote za uongozi zikichapwa juu ya kipande kimoja, unatumia karatasi 150, chini ya theluthi ya rimu. Piga muhuri wa shule nyuma ya kila kipande na uandike idadi iliyochapwa kabla ya kura kuanza. Sanduku liwe ndoo ya plastiki inayoonekana ndani, mfuniko utobolewe, ufungwe kwa gundi ya karatasi na mawakala watie saini juu yake. Vibanda vitano vya maboksi juu ya madawati, mpiga kura mmoja kwa dakika moja, ni saa mbili. Majina yakaguliwe kwa rejesta za madarasa. Kuhesabu kufanyike pale pale, kila karatasi ikiinuliwa na kusomwa kwa sauti, vijiti vikichorwa ubaoni kwa tano tano. Mwishoni mawakala watie saini fomu ya matokeo, mfano wa ile ya DR, fomu ya kutangazia matokeo ya kituo cha kura, ambayo kila Mganda amesikia habari zake, na nakala ibandikwe mlangoni.

Yanapoharibika huwa ni sehemu mbili. Moja ni peremende na mandazi usiku wa kuamkia kura. Hiyo itangazeni mapema kuwa inamwondoa mgombea, kisha mwondoeni kweli wa kwanza atakayethubutu, hata kama ni mtoto wa mwalimu. Nyingine ni mchujo wa walimu. Walimu wana haki ya kuchuja, lakini vigezo viandikwe na vibandikwe kabla ya fomu kutolewa. Mchujo unaokuja baada ya kura kuhesabiwa ni kufuta kura kwa jina lingine, na wanafunzi wanaliona hilo wazi. Ukishindwa kupata vyote, pigania vigezo vilivyobandikwa na kuhesabu hadharani. Sanduku zuri bila hivyo viwili halisaidii.

Sasa utaratibu wa kwenda. Usisimame tena kikaoni. Mtafute mmoja wa wale wakongwe, yule ambaye wengine humsikiliza, umwambie ulikosea kusema vile. Mwombe akusaidie kuchagua sauti ya kiitikio, maana huenda anajua nyimbo za zamani ambazo wanafunzi wako hawajawahi kuzisikia. Usiende kwake kwa hila. Mhitaji kweli, kwa sababu wimbo utakuwa mzuri zaidi. Kisha Jumatatu mchana, mzee akiwa amekula na foleni ya wazazi imeisha, ingia ofisini na karatasi moja: maneno ya wimbo, ratiba ya mazoezi 12 na hesabu ya madawati. Omba ruhusa ya hilo moja. Habari ya kura usiitaje siku hiyo. Ipeleke muhula ujao, baada ya madawati kufika.